Nyumba Yenye Unyevu na Kifua cha Mtoto

Kila masika yanapokolea sisi tunaohudumu kliniki ya watoto huwaona mama wale wale wakirudi na watoto wale wale: kikohozi cha usiku kisichokoma, mafua ya kila mara, kifua kinacholia kama filimbi. Dawa walipewa na wakazimaliza, na baada ya majuma mawili wamerejea. Hapo huwa tunauliza swali ambalo wengi hawalitazamii: mtoto analala wapi, na ukuta ulio karibu naye ukoje?

Mara nyingi tunajibiwa kuwa ukuta una madoa meusi na chumba kina uvundo. Huo ni ukungu. Huota popote penye unyevu: ukuta unaonyonya maji ya ardhini, dari iliyo chini ya bati linalovuja, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, au godoro lililokojolewa likafunikwa shuka bila kuanikwa. Hutoa vumbi jepesi mno lisiloonekana kwa macho, nasi tunalivuta. Mtu mzima aweza kuishia kupiga chafya tu. Lakini mtoto mdogo hupumua haraka kuliko sisi, na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe kidogo humziba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa wakaao katika nyumba za namna hiyo wamo katika hatari zaidi ya pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Si kila mtoto ataugua. Mwenye pumu, au ambaye wazazi wake wanayo, ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Wako wanaoona haya ni mambo madogo. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili. Novemba 2022 ofisa mchunguzi wa vifo alitamka kuwa aliuawa na ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Baba yake alikwisha kulalamika tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake.

Rangi! Hata kwetu ndilo shauri la kwanza la baba watoto na la mwenye nyumba. Rangi huficha doa kwa miezi michache, kisha ukungu hutokeza tena. Katika Mambo ya Walawi sura ya 14, kuhani huagiza kwanza mawe yenye pigo yatolewe na ukuta ukwanguliwe, ndipo nyumba ipakwe upya. Tufuate mpango huo huo: kwanza tafuta maji yanakotoka. Ziba bati, weka mfereji wa kukinga maji ya mvua, chimba mtaro yasisimame kando ya msingi. Kisha sugua ukuta kwa brashi, sabuni na maji, ukiwa umefunga kitambaa puani na watoto wako nje, na uuache ukauke kabisa. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwa maana hutoa hewa ya sumu.

Vuta kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta. Fungua madirisha mchana. Kama unaogopa mbu, weka wavu. Nguo mbichi zisianikwe chumbani anamolala mtoto. Na tunaomba sana, asiwepo wa kuwasha jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta, kwani moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Mtoto akiwa na kikohozi, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au mwenye mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano akifikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, ondoka naye saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.