Kupanga Tovuti ya Biashara Ndogo

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yatosha sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake na kuigusa kwa mkono wake. Katika intaneti mambo ni tofauti: hata kitu kizuri hakijiuzi iwapo ukurasa unaokionyesha haufunguki.

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta iitwayo seva, ambayo humpelekea kurasa hizo kila anayeziomba kwa simu au kompyuta yake. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliutoa utumiwe na watu wote bila malipo. Ndiyo maana hata mwenye karakana ndogo aweza kuwa na tovuti bila kumlipa mvumbuzi wake chochote.

Kusudi kwanza

Tuseme kuna seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, mtaa uliosifika kwa samani, atakaye kutengenezewa tovuti. Kabla ya kumwita fundi wa kompyuta, yampasa aketi na karatasi na kalamu, ajibu maswali matatu. Je, mteja wake ni nani? Mteja huyo hutaka kujua nini? Na akishajua, afanye nini?

Mteja wa seremala hutaka kuona vitanda na kabati, kujua mbao zilizotumika, bei, siku za kusubiri, na njia ya kufika karakanani. Kisha apige simu. Majibu hayo ndiyo ramani ya tovuti: yafaa namba ya simu ionekane juu ya kila ukurasa, na bei isifichwe. Historia ndefu ya karakana na picha zinazochezacheza haziwi na nafasi ya mbele, kwa kuwa hazikujibu swali lolote kati ya hayo matatu. Lugha nayo huchaguliwa kwa kumfuata mteja: ikiwa wateja husemezana na fundi kwa Kiswahili, tovuti haina sababu ya kuwajibu kwa lugha nyingine.

Uzito wa picha

Wateja wengi hufungua tovuti kwa simu, na hulipia data wanayoitumia. Hapa hesabu ndogo yahitajika. Baiti moja ni biti 8. Picha ya megabaiti 4 ni sawa na megabiti 32. Mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde utahitaji sekunde 16 kuileta picha hiyo. Picha 10 za namna hiyo zitahitaji sekunde 160, yaani karibu dakika tatu. Ni mteja gani atakayesubiri muda huo?

Dawa yake imo katika hesabu hiyo hiyo. Picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu ina nukta milioni 12. Upana na urefu vikipunguzwa hadi robo, nukta zinazobaki ni 1,000 mara 750, yaani 750,000. Hiyo si robo ya zile za kwanza, bali ni sehemu moja ya kumi na sita. Uzito wa picha nao hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na zile sekunde 160 zikawa takriban 10. Katika kioo kidogo cha simu, jicho haliioni tofauti.

Mwenye jina ndiye mwenye mali

Jambo la tatu husahauliwa mara nyingi. Anwani ya tovuti, kama zile zinazoishia na .co.tz, huandikishwa kwa jina la mtu au kampuni, na hulipiwa kwa kipindi maalumu. Fundi wa kompyuta akiiandikisha kwa jina lake mwenyewe, basi siku wakikosana seremala aweza kupoteza anwani aliyokwisha kuichora katika kibao na gari lake. Ada isipolipwa kwa wakati, tovuti huzimika, na hatimaye mtu mwingine aweza kulichukua jina hilo. Kwa hiyo hapana budi mwenye biashara aandikishwe yeye, ahifadhi maneno ya siri, na aijue tarehe ya kulipa.

Vilevile yafaa apangwe mtu wa kurekebisha bei. Bei ya mwaka jana humleta mteja karakanani akiwa na matumaini, ikamrudisha akiwa na hasira.

Zoezi

Wanafunzi wachague biashara moja iliyo karibu na shule, wamhoji mwenyewe kwa yale maswali matatu, kisha wachore kurasa nne tu katika karatasi. Halafu wakokotoe uzito wa picha zote na muda wa kufunguka kwa megabiti 2 kwa sekunde. Muda ukizidi sekunde 10, waamue ni picha ipi iondolewe, na watoe sababu.