MATANDAZO YA BANDA LA VIFARANGA

Ndugu mfugaji, vifaranga wako wakianza kuhara damu, mwite Bwana Mifugo, lakini usiishie kwenye dawa. Inama uguse wanapolala. Vijidudu vya ugonjwa huo hukomaa katika matandazo yenye unyevu na joto, kwa siku moja au mbili tu, halafu kifaranga anavidonoa.

Sasa utandaze nini? Maranda makavu ya seremala ndiyo bora, maana yanafyonza maji. Ila uliza kwanza: mbao zilizotiwa dawa, hapana. Maganda ya mpunga nayo yanafaa. Unga wa msumeno vifaranga wadogo huula wakidhani ni chakula. Na gazeti tupu linateleza, miguu inatanuka, kifaranga anakuwa kilema.

Tandaza sentimeta 5 hadi 10. Kila asubuhi chukua konzi moja karibu na chombo cha maji, uifinye. Ikishikamana kama tonge la ugali, zoa yote yaliyolowa, weka makavu. Kisha chuchumaa, pua yako iwe usawa wa vifaranga. Macho yakiwasha, basi wenzako wameivuta hewa hiyo usiku kucha, fungua madirisha.

Uliyozoa usiyamwage mlangoni pa banda. Peleka shambani.