Kompyuta Iliyoachwa Wazi Wodini

Muuguzi wa zamu anaandika dozi ya dawa kwenye kompyuta ya wodi. Ghafla anaitwa: mgonjwa wa kitanda cha mwisho anapumua kwa shida. Anaondoka mbio, kama inavyompasa. Nyuma yake kompyuta imebaki wazi, ikiwa na jina lake, mamlaka yake na majalada ya wagonjwa wote wa wodi. Yeyote atakayeketi hapo atasoma, ataandika au atafuta kwa jina la muuguzi huyo.

Tukitaja usalama wa kompyuta, wengi huwafikiria wadukuzi walio mbali. Kumbe mara nyingi hatari ni mtu wa ofisi ileile. Mmoja husukumwa na udadisi, akataka kujua majibu ya VVU ya jirani yake. Mwingine hufanya utani. Wa tatu hana nia mbaya hata kidogo. Amechoka, ameikuta akaunti iko wazi, naye anaona ni upesi zaidi kuandika humo kuliko kuanza upya.

Madhara yake ni matatu. Kwanza, siri ya mgonjwa huvuja, na siri ikishatoka hairudi. Pili, matibabu huharibika: anayekuta jalada limefunguliwa anaweza kumwandikia mgonjwa huyu dawa ya mwingine. Tatu, uwajibikaji hupotea. Mfumo huhifadhi jina la akaunti na saa ya tendo. Haujui ni mikono ya nani iliyogusa kibodi. Kosa likichunguzwa, wa kwanza kuhojiwa ni mwenye akaunti.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kuikuta kompyuta wazi si ruhusa ya kuitumia, kama vile kuukuta mlango wazi si ruhusa ya kuingia chumbani.

Hata hivyo, kumlaumu muuguzi pekee si haki. Kompyuta ni chache, kuingia kwenye mfumo huchukua muda, na mgonjwa aliyezidiwa hasubiri. Mfumo ukipangwa kujifunga kila baada ya dakika moja katika chumba cha dharura, watumishi watachoka na kubandika nywila kando ya kioo. Dawa itakuwa imezidisha ugonjwa. Uongozi uweke muda unaolingana na kazi ya kila idara, umpe kila mtumishi akaunti yake, na pale inapowezekana utumie kadi au alama ya kidole ili kurudi kazini kuwe kwepesi. Vioo visielekezwe kwenye njia ya wapitaji, na kumbukumbu za mfumo zikaguliwe mara kwa mara, watumishi wakijua kwamba zinakaguliwa.

Kwa mtumishi, hatua ya kwanza ni ndogo. Katika kompyuta yenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Kioo hujifunga mara moja na kazi yako hubaki ilipo. Usimpe mwenzako nywila. Na ukiikuta kompyuta yake wazi, ifunge, kisha mweleze kwa upole. Huo ndio udugu wa kazini.

Nawe mgonjwa, ukiona majina ya wengine kwenye kioo kilichoachwa, mwambie mhudumu bila woga. Leo umeona ya mwenzako. Kesho mwingine angeyaona yako.

Tunanawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine, wala hatusubiri kukumbushwa. Kufunga kompyuta kabla ya kuinuka kitini nako kuwe hivyo hivyo.