Mrembo na Majaketi ya Ziwani

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma huipita Buzuruga, na baada ya mwendo mfupi hufika Igoma. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa ndugu zetu waliofariki tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na miongoni mwao alikuwamo mama mzazi wa mtoto wa Shinyanga aitwaye Flaviana Matata.

Mtoto huyo alikua, akasomea mambo ya umeme katika Chuo cha Ufundi Arusha. Mwaka 2007 alitwaa taji la Miss Universe Tanzania, akaenda Mexico akiwa amenyoa kichwa chote, na akaingia katika kumi bora wa dunia. Toka hapo aliishika kazi ya uanamitindo, kwanza Afrika Kusini na kisha New York, akivaa mavazi ya wabunifu kama Vivienne Westwood na Tory Burch. Mwaka 2011, katika maonyesho ya jarida la Arise huko Lagos, alitunukiwa kuwa mwanamitindo bora wa mwaka. Baadaye alianzisha biashara yake mwenyewe ya rangi za kucha.

Itakumbukwa kwamba mashindano ya urembo yalianza nchini mwaka 1967, yakapigwa marufuku muda si mrefu kwa hoja kwamba hayapatani na utamaduni wetu, na hayakurejea hadi 1994. Wazazi wengi wangali wanayatazama kwa jicho la shaka, nasi hatuwalaumu. Ni mabinti wangapi wamevikwa taji mwaka huu na mwaka wa pili hawasikiki tena?

Ndugu Flaviana amesikika. Mfuko aliouanzisha mwaka 2011 unasomesha wasichana, na umeisaidia Shule ya Msingi Msinune, wilayani Bagamoyo. Lakini linalotugusa sisi wa kando ya ziwa ni lile alilolifanya kwa kumbukumbu ya mama yake: alitoa majaketi okozi kwa ajili ya abiria wa vyombo vya Ziwa Victoria. Binti aliyeonewa na ziwa hili akiwa mdogo alilirudia akiwa na kitu cha kumvika mtoto wa mwenzake. Tunakiri kwamba habari hiyo ilitutoa machozi.

Hata hivyo jaketi halihesabu abiria. Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora siku ya gulio na kupinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa, 41. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na kosa lilikuwa lile lile.

Wenzetu wa Ukerewe na Ukara wanajua jinsi jioni ya gulio ilivyo, kila mtu akitaka kufika nyumbani kabla ya giza, na mizigo imerundikwa hata pa kuweka mguu hapaonekani. Tunawaelewa. Lakini anayemsukuma mwenzake aingie chombo kilichojaa anamsukumia mahali pabaya, na ofisa anayekata tiketi ya ziada anajua anachokifanya.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa magati na wakaguzi wa vyombo, kuanzia Kirumba hadi Bugolora, wayafungue makabati ya majaketi mbele ya abiria wiki hii hii. Wayahesabu, wayalinganishe na idadi ya watu waliomo, na wayaondoe yaliyooza kamba. Watazame pia kama yapo ya watoto. Na ufunguo wa kabati usikae mfukoni mwa mtu aliyebaki nchi kavu.