Kipima kina Mtera: Kagua boti kwanza, kifaa baadaye

WAWEKEZAJI wadogo wanaokusudia kuingiza boti za injini katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, wanashauriwa kutenga fungu kwa ajili ya kifaa ambacho mara nyingi husahaulika katika bajeti: kipima kina cha maji. Lakini kabla ya kutoa fedha dukani, ni lazima wajue boti yao imetengenezwa kwa nini.

Mtera si ziwa la kawaida. Ni ghala la maji ya kuzalishia umeme katika kituo cha Mtera chenyewe, chenye uwezo wa megawati 80, na Kidatu, megawati 204. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita 8.5 ina maana kwamba njia iliyopitika vizuri mwezi Mei, baada ya masika, inaweza kuwa tope na visiki ifikapo Novemba.

Pangaboi likigonga kisiki, hasara haiishii kwenye bei ya kipuri. Boti hulala nchi kavu, samaki hawafiki sokoni Dodoma, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Namna kinavyofanya kazi

Kifaa kina sehemu mbili: kioo anachosomea nahodha, na transdusa, yaani kidude kinachotuma mlio usiosikika kwa sikio na kupokea mwangwi wake. Mlio husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kifaa hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha hukokotoa kina.

Transdusa hufungwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoboa boti chini. Ya pili ni kuifunga kwa skrubu nyuma, kando ya injini. Ya tatu ni kuigandisha ndani ya boti, ili mlio upenye bodi. Njia hii ya tatu haiachi tundu la kuvujisha maji, na kidude hakigongwi na visiki wala kunaswa na nyavu.

Tahadhari kwa wanunuzi

Hata hivyo, njia hiyo inafaa kwa boti ya faiba tupu tu. Mbao hufifisha mlio. Faiba yenye sponji au mbao nyepesi katikati nayo haifai, kwa kuwa hewa iliyomo huzuia mlio. Mwenye boti ya mbao, ambazo ni nyingi katika maji ya ndani, atapata faida zaidi akinunua transdusa ya kufunga nyuma.

Jaribio lenyewe halina gharama. Boti ikiwa majini, transdusa huning'inizwa kwanza ubavuni ndani ya maji na kina kusomwa. Kisha hutiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki wenye maji, na mfuko kukandamizwa kwenye sakafu ya boti. Namba zikilingana, mahali hapo panafaa. Zikirukaruka au zikipotea, pajaribiwe pengine.

Mahali pazuri ni upande wa nyuma, karibu na mkuku, pasipo mwinuko mkali, ambapo maji hayakosekani chini hata boti ikikimbia. Rangi hukwanguliwa, sehemu husuguliwa kwa msasa na kufutwa kwa spiriti. Gundi inayotumika ni epoksi inayokauka taratibu, si silikoni. Transdusa hukandamizwa huku ikizungushwa ili mapovu yote yatoke, kwani povu moja la hewa linatosha kuharibu kazi. Waya wake usikatwe, wala usipitishwe pamoja na nyaya za injini.

Kisichowezekana

Mnunuzi asiuziwe matumaini. Transdusa ya ndani hupoteza sehemu ya nguvu ya mlio, ingawa kwa maji mafupi kama ya Mtera upungufu huo si tatizo. Haigusi maji, hivyo haipimi joto lake kwa usahihi. Vilevile husoma kina kuanzia chini ya bodi, wakati pangaboi huwa chini zaidi. Tofauti hiyo ipimwe na kuingizwa kwenye kifaa.

Zaidi ya yote, kipima kina huona kilicho chini ya boti, si kilicho mbele. Kisiki kilichosimama wima mita 20 mbele hakitaonekana. Faida yake ni kumwonyesha nahodha kwamba kina kinapungua, apunguze mwendo mapema, na kumsaidia kuitambua njia salama kila maji yanaposhuka.

Kwa mwenye boti ya faiba, mfuko wa plastiki na nusu saa vinatosha kumwambia kama fedha yake itafanya kazi. Kwa mwenye boti ya mbao, jibu analo tayari.