Mshipa, Mpwito na Presha: Istilahi katika Majaribio ya Fiziolojia ya Binadamu

Fiziolojia ni elimu ya jinsi viungo vya kiumbe hai vinavyofanya kazi. Majaribio yake ya mwanzo hayahitaji maabara ya gharama, kwa kuwa mwanafunzi huja darasani na chombo chake, yaani mwili wake mwenyewe. Lakini jambo hilo linalomrahisishia kazi mwalimu humwia gumu mwanaistilahi. Elektroni haikuwa na jina mitaani kabla ya kuingia darasani, ambapo mwili una majina tangu kale, na mwanafunzi huingia nayo katika jaribio. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa kupitia majaribio manne, ni wapi majina hayo yanatosha, ni wapi hayana budi kugawanywa, na ni wapi yanaweza kuleta madhara.

1. Mpwito

Mwanafunzi huweka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa gumba. Hatumii gumba lenyewe kupimia, kwani lina mpwito wake unaoweza kumdanganya. Huhesabu kwa sekunde 30, kisha huzidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100 kwa dakika. Baada ya hapo huruka-ruka kwa dakika mbili, na kuhesabu tena kila dakika mpaka hesabu irudi ilikoanzia.

Wengi husema kuwa hayo ni "mapigo ya moyo". Hata hivyo, mwanafunzi huyu hakuugusa moyo, bali amegusa ukuta wa mshipa unaotanuka kila moyo unaposukuma damu. Lugha yetu inacho kitenzi cha jambo hilo, nacho ni kupwita. Kwa hiyo mpwito ni istilahi iliyo tayari. Tofauti hii si ya kupenda tu maneno. Yapo maradhi ambayo baadhi ya mapigo ya moyo huwa dhaifu mno hata hayafiki mkononi, na mpwito ukawa pungufu ya mapigo. Kama mambo mawili yana jina moja, upungufu huo hausemeki.

2. Vilango vya vena

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kuhusu mwendo wa moyo na damu, na jaribio lake moja hufanyika hadi leo kwa kipande cha kitambaa. Mkono hufungwa juu ya kiwiko, si kwa kukaza sana wala kwa muda mrefu. Mishipa ya mkono wa chini hutuna, na juu yake huonekana vinundu vidogo. Mwanafunzi hukandamiza mshipa kwa kidole kimoja, na kwa kidole cha pili husukuma damu kuelekea kiwiko mpaka apite kinundu kinachofuata. Sehemu iliyo kati hubaki tupu, maana damu iliyosukumwa hairudi. Akiinua kidole cha kwanza, mshipa hujaa tena kutoka upande wa kiganja. Hivyo mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba katika mishipa hiyo damu huelekea moyoni tu.

Mishipa hiyo ndiyo vena. Ile inayotoa damu moyoni ni ateri. Kinundu chenyewe ni mahali penye vali. Baadhi ya wataalamu wameona neno kilango kuwa la kitoto mno kwa sayansi. Yafaa wakumbuke kwamba Fabricius wa Padua, mwalimu wa Harvey, katika chapisho lake la 1603 aliziita sehemu hizo kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya vilango. Ikiwa Kilatini hakikuona haya, Kiswahili kinaona haya ya nini?

3. Goti

Mwanafunzi huketi juu ya meza, miguu ikining'inia. Mwenzake humgonga kidogo chini ya pia ya goti kwa ukingo wa kiganja, na mguu huruka wenyewe. Ukimwuliza kilichogongwa, atajibu: mshipa. Ukimwuliza kilichopeleka habari mpaka kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo na kurudisha amri bila kuungoja ubongo, atajibu pia: mshipa. Na damu inayolisha msuli hupita wapi? Katika mshipa. Zaidi ya hayo, kuna mahali ambapo mshipa ni jina la maradhi ya ngiri au busha.

Hapa hapana budi kugawanya. Kilichogongwa ni kano, kilichopeleka habari ni neva, na mshipa ubaki kuwa wa damu. Hatulifuti neno la wananchi, ila tunalipa mpaka.

4. Presha

Jaribio la nne hutumia mfuko wa kitambaa unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, aliouanzisha Mwitalia Riva-Rocci mwaka 1896, pamoja na stetoskopu, kwa njia aliyoieleza Mrusi Korotkoff mwaka 1905. Hewa hupunguzwa polepole. Sauti ya kwanza inaposikika penye ateri ya mkono, namba ya juu husomwa; sauti inapotoweka, husomwa ya chini. Kipimo kinachochukuliwa kuwa cha kawaida ni kama 120 kwa 80, kwa milimita za zebaki.

Nilihudhuria jaribio hilo katika chuo kimoja cha ualimu. Mkufunzi alimwambia mwanafunzi, "Ndugu, tusomee presha yako." Naye akajibu kwa dhati, "Mimi sina presha, Mwalimu." Darasa likacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilimkumbuka shangazi yangu. Muuguzi mmoja alimpima na kumwambia, kwa nia njema, "Mama, presha sasa hakuna, iko sawa." Shangazi alielewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa: presha ni ugonjwa, na ugonjwa ukiondoka dawa huachwa. Aliziacha. Miezi michache baadaye akapatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia haujarudi hali yake.

Kosa liko wapi? Kila mtu ana jotoridi, na jotoridi likizidi kwa maradhi tuna neno la pekee, homa. Kadhalika kila aliye hai ana shinikizo la damu, lakini linapozidi hatuna neno la pekee. Kwa hiyo jina la kipimo limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Hata tukiacha presha na kusema shinikizo la damu, tumebadili nguo tu, kwani tayari watu husema "ana shinikizo la damu" kwa maana ya kuugua.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kwanza, shinikizo la damu litumike kwa kipimo peke yake, kitu ambacho kila mtu anacho. Pili, ugonjwa uitwe shinikizo la juu la damu, na neno "juu" lisiachwe kamwe, katika kitabu wala katika kinywa cha mpimaji. Tatu, mwalimu aanze jaribio kwa kumwuliza kila mwanafunzi lake ni ngapi, wala asiulize nani analo. Shule za sekondari nchini Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiingereza, lakini mwanafunzi huyo atarudi nyumbani kumweleza mama yake kwa Kiswahili, na hapo ndipo istilahi yetu hufanyiwa mtihani.

Walimu wa sayansi, waganga na wauguzi tunawaomba watuandikie maoni yao, hasa wenye neno la pekee, kutoka lahaja yoyote, linaloweza kuufaa ugonjwa huu kama homa inavyoufaa wake.