Mkuyuni: Mgeni hapandi mti

Barabara itokayo Morogoro mjini, ikapita Bigwa na Kiroka, huteremsha ndizi, mananasi na viungo kutoka Mkuyuni. Mara nyingine hupandisha familia: mume, mke, watoto, godoro na majembe, wanatafuta shamba.

Ardhi ya milima ya Uluguru, ilipo Mkuyuni, ina wenyewe, hata palipobaki kichaka. Wenyewe ni ukoo, au lukolo kwa Kiluguru, na haki yake inaanzia kwa yule aliyefyeka msitu kwanza. Huyo naye alikuwa mhamiaji. Masimulizi ya koo nyingi yanasema wazee walipanda milima hii wakitokea Ubena na kwingineko, kabla ya ukoloni. Kwa hiyo anayebisha hodi leo anawaomba wajukuu wa waliobisha hodi jana.

Kwa kawaida hupewa. Huonyeshwa kipande cha mahindi, maharage au muhogo, naye hutoa chochote kwa wenye ardhi. Sharti zito ni moja: asipande miti. Mahindi yakivunwa, shamba hurudi kwa mwenyewe bila maneno. Mkarafuu hungojewa miaka kadhaa ndipo uzae, kisha huzaa miongo na miongo. Aliyeupanda ameshaweka madai. Na fedha ya Mkuyuni iko huko huko: karafuu, mdalasini, pilipili manga inayoparamia mashina ya miti mingine. Aliyenyimwa mti amenyimwa ada ya shule.

Njia ya zamani ya kutoka hapo ni ndoa. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Kijana wa familia ngeni akioa binti wa pale, watoto wake ni wa lukolo ya mama yao, na wajomba hawawezi kuwaita wageni. Dada yake akiolewa na Mluguru, mambo ni mengine: watoto watalima kwa hisani ya baba, ila ukoo wao ni ule uliokuja na godoro. Hilo linaniuma, kwa sababu huyo dada amepalilia mlima ule ule tangu utoto.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, lakini inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Halmashauri za vijiji zinaweza kuanzia hapo: makubaliano ya maandishi kati ya ukoo na mgeni, yenye muda unaotosha mkarafuu kuzaa, na jina la mke liandikwe pembeni ya la mume.